Kibali cha Msitu na Maji ya Uwanda wa Makonde

Wanafunzi wa shule za sekondari hufundishwa kwamba misitu ni hazina ya taifa na kwamba kila raia ana wajibu wa kuitunza. Fundisho hilo ni la kweli, lakini halijibu maswali ambayo mwanafunzi hukutana nayo anaporudi nyumbani: ni nani anayeruhusiwa kuingia katika msitu wa hifadhi, kufanya nini, kwa ruhusa ya nani na kwa sababu gani? Kwa kuwa maswali haya hayajibiwi, watu wengi hukiona kibali kuwa karatasi ya usumbufu, au ushuru uliopewa jina jingine.

Katika makala haya tutaeleza kwamba kibali, kinapotolewa inavyopasa, ni kipimo. Husema kwa maandishi kiasi ambacho ardhi fulani inaweza kutoa bila kufilisika. Tutatumia mfano wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kwa kuwa huko uhusiano baina ya msitu, mchanga na maji ya kunywa huonekana wazi kuliko katika sehemu nyingi za nchi yetu.

Uwanda usio na mito

Mji wa Masasi uko kwenye tambarare ya miamba mikongwe na migumu. Juu ya tambarare hiyo vimesimama vilima vya mawe matupu, kama kile cha Mtandi, ambavyo mmomonyoko wa mamilioni ya miaka umeshindwa kuvisaga. Ukielekea upande wa mashariki hadi Newala, nchi hubadilika. Ardhi huinuka kwa ghafla na kufanya ukingo mkali, na ukishafika juu hukutana tena na miamba migumu kwa nadra. Umekwisha kuingia katika uwanda wa Makonde, ambao umejengwa kwa matabaka mazito ya mchanga na mawe ya mchanga yaliyolundikana katika enzi ya Kretasia. Mtu anayesimama Newala mahali panapoitwa Shimo la Mungu huona jinsi ukingo huo unavyoanguka kuelekea bonde la mto Ruvuma.

Mvua katika uwanda huu hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Si mvua haba. Hata hivyo juu ya uwanda hakuna mto utiririkao mwaka mzima. Sababu yake ni mchanga wenyewe: maji hupenya upesi kati ya chembe zake, huteremka hadi matabaka ya chini yasiyopitisha maji kwa urahisi, kisha husafiri polepole hadi mahali ambapo bonde au ukingo umeyakata matabaka hayo. Hapo hutokeza kama chemchemi. Ndiyo maana maji hupatikana chini ya ukingo, kama vile Ndanda, na katika mabonde kama lile la Kitangari, ilhali watu wengi na mashamba yao ya mikorosho wako juu.

Kwa vizazi vingi akina mama wa Makonde waliteremka ukingo kwa mguu kutafuta maji na kupanda tena wakiwa na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 lilianzishwa shirika la maji la Makonde ili kuyasukuma maji kwa mitambo hadi juu ya uwanda, na hadi leo Newala na Tandahimba hutegemea maji yanayopandishwa kutoka visima vya Mitema, bondeni Kitangari. Miji ya Masasi na Nachingwea nayo hupata maji ya bomba kutoka chanzo cha Mbwinji. Tukumbuke basi jambo hili tunapoendelea: maji ambayo mkazi wa Newala huyapandisha kwa gharama kubwa ni mvua iliyonyesha juu ya uwanda huo huo, ikapenya ardhini na kutokeza chini.

Kazi ya msitu na vichaka

Uoto wa asili wa uwanda wa Makonde si msitu mrefu tu. Sehemu kubwa ilifunikwa na vichaka vizito vilivyosongamana. Wakulima walifyeka kipande cha kichaka, wakalima kwa miaka michache, kisha wakakiacha kimee tena. Mtaalamu Clement Gillman alikieleza kilimo hicho katika makala yake ya mwaka 1945.

Kichaka hufanya kazi tatu. Kwanza, majani hulipokea tone la mvua na kulipunguza nguvu, ili lisiupige mchanga mtupu. Pili, majani makavu yaliyoanguka huufanya udongo wa juu kuwa kama sifongo, na maji hupata nafasi ya kupenya badala ya kutiririka. Tatu, mizizi huushika mchanga. Uoto ukiondolewa kwenye ukingo, maji hukusanyika katika vijia vya miguu na mifereji ya barabara, huuchimba mchanga na kufanya makorongo ambayo hupanuka kila msimu. Mchanga unaochukuliwa huenda kuzifukia chemchemi bondeni.

Lazima tuseme pia jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Miti nayo hunywa maji. Sehemu ya mvua inayoingia ardhini huvutwa na mizizi na kurudishwa hewani kama mvuke kupitia majani. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba kila mti unaopandwa huongeza maji ya chemchemi. Lililo sahihi ni kwamba uoto unaofaa, mahali panapofaa, huyawezesha maji kupenya, huyasafisha, na huzuia ardhi isibebwe. Mahali panapofaa kuliko pote ni ukingo wenyewe na mazingira ya vyanzo. Kwa sababu hiyo baadhi ya maeneo ya ukingo wa Makonde yaliwekwa kuwa misitu ya hifadhi.

Msitu ni wa nani?

Wazo la kuomba ruhusa si geni kwa Wamakonde. Kabla ya utawala wa kikoloni ardhi ya kila makazi ilikuwa chini ya mkulungwa, yaani mzee wa ukoo wa waanzilishi, na mgeni hakufyeka apendapo. Wajerumani walitoa sheria yao ya kuhifadhi misitu mwaka 1904. Waingereza walifuata na sheria zao, ya mwisho ikiwa ile ya mwaka 1957, iliyodumu hata baada ya Uhuru. Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2004.

Sheria hiyo imeigawa misitu katika mafungu manne. La kwanza ni misitu ya taifa, ambayo husimamiwa na Serikali Kuu kupitia Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. La pili ni misitu ya serikali za mitaa, yaani ile iliyo chini ya halmashauri. La tatu ni misitu ya vijiji. La nne ni misitu ya watu binafsi. Nje ya mafungu haya kuna mapori ya akiba, kama Msanjesi wilayani Masasi na Lukwika-Lumesule wilayani Nanyumbu, ambayo yako chini ya sheria ya wanyamapori na yana vibali vyake mbali.

Mgawanyo huu ndio ufunguo wa mambo yote, kwani mwombaji anayekosea mlango hupoteza muda wake. Masasi ina Halmashauri ya Wilaya na pia Halmashauri ya Mji; Newala hali kadhalika. Kilima kinachoonekana kutoka dirishani mwa darasa kinaweza kuwa katika eneo la halmashauri moja, na kijiji cha jirani kikawa katika nyingine. Swali la kwanza la kuuliza basi ni hili: msitu huu umeandikishwa katika fungu gani, na mipaka yake imewekwa wapi? Ofisi ya misitu ya wilaya na ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata ndizo mahali pa kuanzia.

Mambo yanayohitaji kibali

Ndani ya msitu wa hifadhi wa taifa au wa halmashauri, kibali huhitajika kwa kukata au kuondoa miti na sehemu zake, kukusanya mazao mengine ya msitu kwa ajili ya biashara, dawa au utafiti, kuwinda na kuvua, kuchimba madini au mawe, kulima, kulisha mifugo, kujenga au kuishi, na hata kuingia kwa matembezi ya kitalii au kupiga kambi. Aidha, miti ya thamani iliyotangazwa kuwa miti iliyohifadhiwa haikatwi ovyo hata ikiwa nje ya hifadhi. Mkulima aliyeukuta mti wa namna hiyo shambani mwake hapaswi kudhani kwamba shoka lake linatosha.

Moto umepewa sehemu yake katika sheria, na si bila sababu. Kati ya Septemba na Novemba wakulima husafisha mashamba, nyasi zimekauka, na upepo unavuma. Moto uliowashwa kwa robo eka unaweza kuvuka hadi kwenye mikorosho ya jirani na kupanda ukingo mzima. Yeyote anayetaka kuchoma vichaka nje ya uwanja wa nyumba yake hana budi kuulizia kwanza ruhusa na masharti.

Kuhusu maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa pale zinapoweza kuathiri uhifadhi wake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 nayo hutaka mtu anayechepusha, kusukuma au kuhifadhi maji kwa wingi awe na kibali cha kutumia maji. Kwa Masasi na Newala kibali hicho huombwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara. Lakini mama anayeteka ndoo kwa matumizi ya nyumbani, mahali anaporuhusiwa kufika, hahitaji kibali cha namna hiyo. Tofauti hii ni ya maana. Sheria hudhibiti kiasi kinachoweza kudhuru, wala haikukusudiwa kumnyima mtu maji ya kunywa.

Safari ya kibali

Tumfuate mtu anayetaka kuvuna mbao kwa biashara. Kwanza hujiandikisha kuwa mfanyabiashara wa mazao ya misitu. Pili, ombi lake hufikishwa kwa serikali ya kijiji ambako miti iko, ili wenyeji walijadili. Tatu, ombi hupelekwa kwenye kamati ya wilaya ya uvunaji, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Nne, afisa misitu huenda kuiona na kuipima miti. Tano, mwombaji hulipa mrabaha na kupata leseni inayotaja jina lake, mahali, aina ya miti, kiasi na muda. Sita, baada ya kukata, magogo hugongwa alama kwa nyundo maalumu ya serikali. Saba, mzigo hupewa hati ya kusafirishia, ambayo hukaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani.

Kila hatua ina swali lake. Kijiji huulizwa: je, mnakubali? Kamati huulizwa: je, wilaya ina kiasi hicho? Vipimo hujibu: je, mti umekomaa? Nyundo huthibitisha kwamba gogo ni lile lile lililopimwa, na hati huthibitisha kwamba mzigo ulio njiani ndio uliotoka msituni. Hatua moja ikirukwa, zote zilizobaki hupoteza maana. Gogo lisilo na alama haliwezi kueleza lilikotoka.

Msitu wa kijiji una njia fupi zaidi. Kijiji kikishatenga msitu wake, kikawa na mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri, kamati ya maliasili ya kijiji ndiyo husimamia vibali, na mapato ya uvunaji hubaki kijijini. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu yao yenye mpingo. Mpingo ni mti ule ule ambao umewapa wachongaji wa Kimakonde sifa duniani kote, na hukua polepole mno. Kijiji kinachouza magogo machache yaliyopimwa, kwa bei ya haki, hupata zaidi ya kile kinachoyaacha mengi yatoroshwe usiku.

Hesabu iliyo ndani ya kibali

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina msitu wenye mita za ujazo 5,000 za miti, na vipimo vimeonyesha kwamba huongezeka kwa asilimia 2 kila mwaka. Ongezeko la mwaka wa kwanza ni mita za ujazo 100. Kamati ikitoa vibali vya jumla ya mita 100 kwa mwaka, msitu hubaki ulivyo. Ni sawa na mtu anayetumia faida ya fedha zake benki bila kugusa mtaji.

Tuseme sasa kwamba zinavunwa mita 300 kila mwaka. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza zitabaki 4,800. Mwaka wa pili ongezeko ni 96 tu, nazo hubaki 4,596. Kila mwaka mtaji hupungua, na faida hupungua nao. Baada ya miaka 10 zitabaki karibu 2,810, na katika mwaka wa 21 msitu umekwisha. Mwanafunzi anayeingia Kidato cha Kwanza leo atakuwa bado kijana mwenye nguvu za kufanya kazi, lakini msitu ambao ungemlipia mtoto wake ada hautakuwapo.

Hiyo ndiyo sababu afisa anaweza kulikataa ombi la mtu mwema asiye na kosa lolote. Si kwamba mti mmoja wake utaumaliza msitu. Ni kwamba kiasi cha mwaka kimekwisha kugawiwa.

Kipimo kingine ni unene wa mti. Aina za miti zimewekewa kipenyo cha chini ambacho mti ukiwa haujakifikia haukatwi. Hupimwa kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa kuwa hatuwezi kupitisha rula katikati ya mti uliosimama, huzungushiwa utepe, na urefu wa mzingo hugawanywa kwa 3.14. Mti wenye mzingo wa sentimita 94.2 una kipenyo cha sentimita 30. Sheria ya misitu hapa inakutana na hesabu za darasani.

Haki na wajibu

Kibali hakiwezi kufanya kazi mahali ambapo mwenye lori hupita na mwenye mzigo wa kuni hukamatwa. Wananchi wakiona hivyo mara mbili tatu, hawatakiheshimu tena, nao ulinzi wa ukingo utabaki kuwa wa askari peke yao. Kwa hiyo mambo matatu ni ya lazima. Mipaka ya hifadhi ionekane kwa macho. Kiasi kinachoruhusiwa kwa mwaka, na majina ya waliopewa, vitangazwe mahali pa wazi. Na fedha zilizopatikana zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Vilevile sheria imeruhusu vijiji vinavyopakana na hifadhi ya taifa au ya halmashauri kufanya mapatano ya usimamizi wa pamoja, ambayo yanaweza kutaja siku za kuokota kuni zilizokauka, uyoga na dawa. Kijiji kisicho na mapatano hayo kina haki ya kuyaomba.

Kwa shule zetu

Mwalimu anayetaka kuwapeleka wanafunzi katika msitu wa hifadhi aandike barua mapema kwa msimamizi wa hifadhi hiyo, akitaja tarehe, idadi ya wanafunzi, mahali watakapokwenda na madhumuni ya ziara. Kama wanakusudia kukusanya majani, wadudu au sampuli za udongo, jambo hilo litajwe wazi, kwa kuwa kuangalia na kuchukua ni mambo mawili tofauti. Moto usiwashwe. Watafiti kutoka nchi za nje, licha ya ruhusa ya msimamizi, huhitaji kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia.

Mazoezi yafuatayo yanaweza kufanywa bila vyombo vya gharama:

1. Chukueni makopo mawili yaliyotobolewa chini. Jazeni moja mchanga na jingine udongo wa mfinyanzi, kisha mmimine maji kwa kiasi sawa. Pimeni muda wa maji kupita. Elezeni kwa nini uwanda wa Makonde hauna mito.

2. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya eneo ni lita 1. Tuseme milimita 1,000 zimenyesha juu ya hekta moja, na sehemu moja ya kumi imepenya hadi chini ya mizizi. Hiyo ni madebe mangapi ya lita 20? (Jibu: 50,000.)

3. Debe la maji lenye uzito wa kilo 20 linapandishwa kimo cha mita 300. Kwa kutumia 9.8 kuwa nguvu ya uvutano kwa kila kilo, tafuteni kazi inayofanyika. (Jibu: jouli 58,800.) Jadilini ni nani alikuwa akiifanya kazi hiyo kabla ya pampu.

4. Pimeni mizingo ya miti 20 karibu na shule na mtafute vipenyo. Chagueni kipenyo cha chini, mhesabu ni miti mingapi ingeruhusiwa kuvunwa.

5. Ulizeni ofisi ya mtendaji msitu ulio karibu nanyi uko katika fungu gani kati ya mafungu manne, mchore ramani ya mipaka yake.

Atakayefanya zoezi la mwisho atagundua kwamba mara nyingi hata watu wazima hawakubaliani kuhusu mahali mpaka unapopita. Majadiliano hayo yaanzie darasani, kisha yafikishwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa maana msitu ambao mpaka wake haujulikani hauwezi kupimwa, na usiopimwa hauwezi kutolewa kibali cha haki. Juu ya uwanda wa Makonde hasara ya kukosa kipimo hicho huonekana pale ambapo kila mtu atakwenda kesho asubuhi: kisimani.